Pangeni kwa Maji, Si kwa Kilomita

Marafiki wakikaa pamoja na kuamua kwamba safari hii hawaiahirishi tena, kitu cha kwanza wanachofanya ni kufungua ramani kwenye simu na kuhesabu kilomita. Dar es Salaam hadi Tanga ni kama kilomita 350, mwendo wa saa sita au saba. Basi tutoke Ijumaa jioni, Jumapili turudi. Hesabu ya namna hiyo inamfaa anayewahi harusi. Anayetaka kuogelea Ushongo, kukanyaga mchanga wa Maziwe na kulala Amani akiusikiliza msitu, itamwangusha, kwa sababu bahari na msitu vina saa zao na havijali ninyi mmetoka nyumbani saa ngapi. Bahari inakwenda kwa mwezi. Msitu unakwenda kwa mvua na mapambazuko. Ninachowashauri kabla ya jambo jingine lolote ni kuipanga safari kwa saa hizo mbili, kilomita zije baadaye.

Njia ninayoizungumzia ni hii: mnatoka Dar es Salaam, mnapita Bagamoyo, Saadani na Ushongo, mnavuka Mto Pangani, mnaingia Tanga mjini, kisha Muheza, na kutoka hapo mnapanda Amani katika Usambara ya Mashariki. Kurudi mnashuka Muheza na kushika lami ya Segera na Chalinze hadi nyumbani. Wanaotoka Moshi au Arusha waingilie Segera, waizungushe duara wanavyopenda. Wanaotoka Mombasa wapitie Horohoro, wakiwa na bima ya gari inayovuka mpaka. Tena ndugu zetu wa Kenya wana safari ya namna hii kwao: Diani na Kaya Kinondo, au Watamu, magofu ya Gede na msitu wa Arabuko-Sokoke. Nitakayoyasema kuhusu maji na upepo yanawahusu vilevile, maana pwani ni moja.

Tengeni siku sita. Tano zinawezekana ikiwa hakuna kitakachokwenda kombo. Nne ni kukimbizana.

Anzeni na pwani, mmalizie na msitu. Sababu ya kwanza ni barabara. Kipande cha kutoka Makurunge kupita Saadani na Mkwaja hadi Pangani ndicho chenye maswali, maana ujenzi wa lami umekuwa ukienda kwa vipande, na pale ambapo haijafika mvua moja inaweza kubadilisha kila kitu. Afadhali mkipite mkiwa na nguvu na gari likiwa zima, siku ya mwisho mrudi kwa lami tupu mkiwa mmechoka. Sababu ya pili ni kuelewa mnachokiona. Misitu ya Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia vilima vya Taita nchini Kenya na kushuka hadi Udzungwa na Mahenge. Ni miongoni mwa misitu mikongwe kabisa barani, umri wake unahesabiwa kwa mamilioni ya miaka. Zama ambazo Afrika ilikauka na misitu mingi ya bara ikageuka nyika, milima hii iliendelea kunyeshewa kwa sababu imeielekea Bahari ya Hindi. Upepo hubeba mvuke kutoka baharini, hugonga mlima, hupanda, hupoa, na mvuke hugeuka ukungu na mvua. Ndiyo maana Amani ina mimea na wanyama wasiopatikana kwingine popote duniani. Aliyelala Ushongo akipigwa na upepo wa bahari, kisha akasimama Amani alfajiri akaona ukungu unapita kati ya miti, upepo huohuo ameuona mara mbili. Anayeanza na mlima hupitwa na jambo hilo.

Sasa maji. Pwani yetu bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, na tofauti kati ya juu na chini huweza kufika mita tatu na zaidi. Mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu, yanayopanda na kushuka kidogo tu. Hayo wengi wameyasikia. Ambalo wasafiri wa kutoka mjini hawaambiwi ni kwamba katika pwani hii bamvua ina saa zake maalumu: maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na hujaa mnamo saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka. Asubuhi bahari imejaa, alasiri imetoka.

Litafakarini hilo kabla ya kuomba likizo kazini. Mkifika Ushongo siku za bamvua, asubuhi mna Maziwe, fungu la mchanga lililo baharini mbele ya kijiji, na miamba iliyo wazi, na jioni mna maji ya kuogelea mbele ya malazi yenu. Mkifika siku za maji mafu mtaogelea asubuhi, lakini Maziwe itawapa muda mfupi au isiwape kabisa, na jioni mliyoitegemea kwa kuogelea mtatembea kwenye majani ya bahari maji yakiwa ya magoti. Hakuna haja ya chombo chochote kujua ipi ni ipi. Mwenye kalenda ya ukutani yenye tarehe za Kiislamu ana jedwali la maji nyumbani: tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17 ni bamvua, tarehe 8 na 22 na siku za jirani ni maji mafu. Chagueni tarehe zenu hapo, kisha mpigieni nahodha simu athibitishe saa. Akiwaambia tokeni saa moja asubuhi, tokeni saa moja. Maji hayamsubiri anayemalizia chai.

Upepo nao una kalenda yake. Kusi huanza Aprili hivi na kuendelea hadi Septemba, na Juni hadi Agosti huwa kali: baridi inapendeza, lakini bahari inachafuka na boti ndogo zinarusha maji usoni. Kaskazi huvuma Desemba hadi Machi, bahari ikiwa tulivu zaidi na maji yakiwa angavu, ila joto la Januari na Februari si la mzaha. Masika, tangu mwishoni mwa Machi hadi Mei, kaeni nyumbani. Udongo mweusi wa Saadani hugeuka gundi na mlima wa Amani huteleza hata kwa gari lenye nguvu. Mimi nikiambiwa nichague, nachukua mwisho wa Septemba na mwanzo wa Oktoba, wakati wa maleleji, kusi imeishiwa nguvu na vuli haijafika. Barabara ni kavu, bahari imetulia, na Amani hata hivyo mtanyeshewa, kwa sababu kule mvua haiulizi mwezi. Wastani wake ni kama milimita 2,000 kwa mwaka.

Kuhusu gari nitasema machache, kwa sababu kila kundi lina gari lake na ubishi wake. Noah au Alphard iliyopakia watu saba na mabegi juu inafaa kwa lami ya Segera, haifai kwa Saadani wala Amani. Tafuteni gari lililoinuka, lenye kuvuta magurudumu yote manne, na msizidi watu watano ndani yake. Siku mbili kabla ya safari lipelekeni kwa fundi mnayemwamini: breki, rejeta, mikanda, betri, na tairi la akiba. Tairi la akiba lisitazamwe tu, lishushwe, lipimwe upepo. Hakikisheni jeki ipo na inanyanyua, na spana ya magurudumu inaingia kwenye nati zenu. Mtungi wa kuzimia moto na pembetatu viwepo, kwa usalama wenu na kwa sababu askari wa barabarani watauliza. Jazeni mafuta Bagamoyo, tena Tanga au Muheza kabla ya kupanda. Msitegemee chupa za pembeni ya barabara.

Madereva wawe wawili, wenye leseni hai. Asiyeendesha akae mbele na awe macho, kazi yake ikiwa kusoma njia na kuongea na mwenzake. Palipo na makazi mwisho ni kilomita 50 kwa saa, na barabara ya Chalinze hadi Segera ina vijiji vingi kuliko mnavyokumbuka. Usiku msiendeshe. Malori yaliyoharibika bila taa, ng'ombe, pikipiki zisizo na taa ya nyuma, bodaboda aliyebeba mbao kwa ubavu: hayo mchana mtayaona mapema, usiku mtayaona yakiwa mbele ya bonneti. Na anayeshika usukani asinywe kabisa. Jambo hilo lisemwe kabla ya kutoka, lisisubiri mtu aanze kuchukia njiani.

Kwenye fedha nataka mkae kitako. Nimeona urafiki wa miaka mingi ukitetereka mezani kwa ajili ya bili ya samaki, na chanzo hakikuwa uchoyo wa mtu yeyote. Chanzo kilikuwa kwamba hakuna aliyesema mapema kipi ni cha wote na kipi ni cha mtu binafsi. Fanyeni hivi. Wiki mbili kabla, kila mmoja atume mchango wake kwa mtunza fedha mmoja. Fungu hilo lilipie mafuta, malazi, viingilio, boti, mwongozaji na milo mnayokula pamoja. Soda za ziada, bia, zawadi na vocha kila mtu na mfuko wake. Mtunza fedha aandike kila matumizi kwenye kundi lenu la WhatsApp siku hiyohiyo, hata kama ni karanga za barabarani. Juu ya makadirio ongezeni akiba, si chini ya sehemu moja kwa tano, isiyoguswa ila kwa dharura.

Mwenye gari mwekeni sawa. Mtazamo wangu ni kwamba asichangie mafuta, maana anatoa matairi, breki na roho juu. Likitokea la kutokea, tairi likichanika kwenye mawe ya njiani lilipwe na fungu. Kitu kilichokuwa kibovu tangu nyumbani ni juu yake. Semeni hivyo kwa maneno, kila mtu aitikie. Na kiwango cha mchango kipangeni kwa kumtazama mwenye uwezo mdogo kuliko wote katika kundi. Huyo hatasema. Atakubali kila mnachopendekeza, atakopa, halafu siku ya tatu atasema tumbo linamuuma ili asiingie kwenye boti. Mtu mmoja anayemfahamu vizuri amuulize faraghani kabla hesabu haijatangazwa.

Fedha taslimu chukueni ya kutosha, noti ndogondogo, kwa ajili ya wauza matunda, mabaharia na wanakijiji. Kwa upande wa pili, viingilio vya hifadhi za serikali hulipwa kwa namba ya malipo kupitia simu au benki, au kwa kadi, na mtandao wa maeneo hayo hausimami vizuri kila saa. Malipo yanayoweza kufanyika mapema yafanyeni mapema, na karatasi au ujumbe wa uthibitisho uhifadhiwe kwenye simu mbili. Wananchi wa Afrika Mashariki hulipa kidogo kuliko wageni kutoka nje, kwa hiyo kitambulisho cha taifa kiwe mfukoni.

Bagamoyo mpeni asubuhi moja. Ni kilomita 70 hivi kutoka Dar, kwa hiyo mkitoka alfajiri mtakunywa chai kule. Wengi huishia Mji Mkongwe na soko la samaki. Nendeni pia Kaole, kilomita chache kusini, kwenye magofu ya msikiti unaohesabiwa kuwa wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo. Ondokeni kabla ya jua kuwa kali, maana Saadani inataka mwanga.

Saadani ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, na sifa yake inajulikana: nyika inashuka hadi mchangani. Tembo, twiga na simba wapo, ingawa mtu asiende akitarajia kuwaona kwa wingi kama Serengeti. Kitu ambacho ningewaomba msikiruke ni boti ya Mto Wami, kwenye viboko, mamba na mikoko, mahali ambapo maji ya mto na ya bahari yanasukumana. Mkiwa mnapita tu, ulizeni getini utaratibu wa wanaopita. Mkilala, fikeni kabla ya jua kuzama kwa sababu kuendesha ndani ya hifadhi usiku hakuruhusiwi. Msioge karibu na midomo ya mito. Na usiku msitoke kutembea ufukweni bila mlinzi, hata mwezi uwe mpevu kiasi gani. Ndani ya hifadhi hiyo upo msitu wa Zaraninge, mmoja wa misitu ya pwani iliyobaki; wenye muda na mwongozaji watapata hapo kionjo cha kile watakachokikuta Amani.

Kisha Ushongo, na hapa laleni usiku mbili. Kijiji kiko kusini mwa Mto Pangani, ufukwe mrefu wenye minazi, na mbele yake baharini kuna Maziwe. Maziwe iliwahi kuwa kisiwa chenye mivinje, na kasa walikuja kutaga kwa wingi kiasi kwamba mwaka 1975 ikatangazwa kuwa eneo tengefu. Miaka michache baadaye miti ikaisha, mchanga ukaliwa na mawimbi. Leo bahari ikijaa panafunikwa. Mkitoka mapema, nahodha akielekea mashariki, kwanza hakuna kisiwa cha kuona. Kuna mahali maji yamegeuka rangi, kutoka buluu nzito hadi kijani chepesi. Halafu mstari mweupe wa povu. Halafu povu linaacha kurudi nyuma, na chini yake mchanga umekauka kwa upana wa mkeka, kisha wa chumba, kisha wa uwanja, na boti inatia nanga kando ya nchi ambayo dakika chache nyuma haikuwapo.

Hakuna mti hata mmoja, kwa hiyo kofia, maji ya kunywa na nguo ya mikono mirefu ni lazima. Vaeni yeboyebo mnapotembea kwenye miamba. Kuna wanyama wa baharini weusi wenye miiba mirefu, na mwiba wao ukivunjikia mguuni utamharibia mtu siku zilizobaki. Kwenye mchanga wa chini ya maji burureni miguu badala ya kunyanyua, samaki taa aliyejifukia asikie na kuondoka. Jaketi okozi liwe moja kwa kila mtu, livaliwe tangu ufukweni, na nahodha asiyekuwa nayo msipande chombo chake hata awe ndugu wa nani. Matumbawe msiyasimamie wala kuyavunja. Nahodha akisema twende, mnakwenda, kwa sababu yeye anaona maji yanarudi na ninyi mnaona picha.

Kasa bado wanapanda Maziwe kutaga. Mayai yakiachwa pale yanazama, kwa hiyo wahifadhi wanayahamishia ufukwe wa Ushongo na kuyalinda yapata miezi miwili hadi yaanguliwe. Ulizeni mkifika, siku ya kuanguliwa wageni huruhusiwa kutazama. Zimeni tochi na mimweko ya kamera, simameni nyuma ya mstari mtakaoonyeshwa, na msimbebe mtoto wa kasa kumpeleka majini kwa huruma. Kule kutambaa mwenyewe ni sehemu ya kuijua njia yake.

Kutoka Ushongo mnafika Bweni, ukingo wa kusini wa Mto Pangani. Daraja jipya limekuwa likijengwa hapo. Ulizeni kama magari yanapita. Kama bado, kuna kivuko, na kivuko kina foleni na saa zake za kulala. Pangani yenyewe ni mji wa kutembea kwa miguu, taratibu. Hapa ndipo Wajerumani walipomnyonga Abushiri bin Salim mnamo Desemba 1889, baada ya vita vyake dhidi yao, na jirani na hapa ndipo Richard Hindorf alipoleta mkonge mwaka 1893, zao lililokuja kuugeuza mkoa mzima. Mashamba ya mkonge mtakayoyapita hadi Muheza yana asili yake katika miche hiyo.

Bagamoyo, Pangani na Tanga ni miji ya Waislamu kwa sehemu kubwa, yenye adabu zake. Nguo za kuogelea ni za majini. Ukitoka ufukweni kuingia mtaani jifunge kanga au vaa suruali. Wasalimieni wazee kwanza, shikamoo yenu itangulie swali la njia. Ijumaa mchana msitegemee kupata huduma haraka, na Ramadhani msile wala kunywa hadharani mchana, hata kama hakuna atakayewakemea. Msimpige mtu picha bila ruhusa, awe mvuvi, mwanamke anayeanika dagaa au mtoto. Asubuhi tafuteni mbaazi na maandazi kwenye vibanda vya akina mama. Ndicho chakula cha asubuhi cha huku, na fedha yake inabaki palepale mlipolala.

Tanga mjini mnaweza kulala usiku mmoja, mkaoga maji ya bomba yasiyo na chumvi, mkafua. Mapango ya Amboni yako karibu, kaskazini mwa mji, na mwenyeji wa pale atawaonyesha sehemu zilizo wazi kwa wageni. Mahali mtakapokuta watu wameacha vitu vya tambiko, msiguse.

Muheza hadi Amani ni kama kilomita 35, na hesabuni saa mbili. Mnanunua machungwa Muheza, mnaacha lami, barabara inakuwa ya udongo na mawe, na baada ya Kisiwani mnafika Zigi, lango la Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997 na sasa iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Ina zaidi ya hekta 8,000. Hapo Zigi mchukueni mwongozaji wa kijiji, na msibishane naye bei hadi aone aibu. Bila yeye mtaona majani. Pamoja naye mtajua kwamba si kila kijani mnachokiona ni msitu wa kale. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti hapa mwaka 1902, wakapanda miti kutoka pande nyingi za dunia katika bustani ambayo bado ipo. Mmoja wa miti iliyoletwa kutoka nje ya milima hii, Maesopsis, uliingia msituni na kuenea kila palipokatwa magogo, na leo mtu asiyeambiwa atausifu akidhani umekuwapo tangu zamani. Mwambieni mwongozaji awaonyeshe msambu, mti wa hapa wenye matunda makubwa ambayo mbegu zake hukamuliwa mafuta, kisha awapeleke mahali ambapo miti ya tabaka zote ipo na chini hakuna kichaka kilichosongamana. Mkisimama hapo mtaelewa tofauti bila mhadhara.

Kwenye miamba yenye kivuli karibu na vijito mtaona ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma mbegu zake Ulaya. Mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia, na leo vyungu vyake vimejaa madirishani mwa watu Ulaya na Marekani. Huku kwake limebaki kwa uchache. Asing'oe mtu hata jani.

Amani iko kama mita 900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sweta na koti la mvua vinahitajika hata kama jana mlikuwa mnavuja jasho Tanga. Vaeni suruali ndefu na viatu vyenye meno, soksi zikiwa juu ya suruali, kwa sababu ya siafu. Mwongozaji akisema ruka, ruka kwanza, maswali baadaye. Vyandarua vitumike, utafiti wa malaria umefanyika Amani kwa miongo mingi, na si bure. Dawa za mwenye pumu, mwenye sukari na mwenye presha zikae kwenye mkoba wa mkononi, maana hospitali ya karibu yenye vifaa iko chini kule Muheza.

Laleni usiku mbili hapa pia, ili mpate alfajiri moja kamili na usiku mmoja wa kutembea. Alfajiri ndio wakati wa ndege. Saa nne ikifika wamenyamaza. Usiku ndio wakati wa vinyonga. Mwongozaji hutembea polepole akipitisha tochi kwenye ncha za matawi, na kwa muda mrefu hakuna kitu. Kisha anasimama. Kinyonga akilala hupauka, na mwanga ukimgusa anang'aa kama kipande cha karatasi kilichonaswa kwenye jani. Mkia umekunjwa, macho yamefumba, miguu imeshika kijiti. Hapo ndipo kundi la watu watano waliokuwa wanacheka njia nzima hunyamaza bila kuambiwa. Msimguse, msimwamshe. Muziki uachwe nyumba ya wageni, au tuseme wazi, uachwe Tanga.

Kabla ya kushuka, nunueni kitu. Iliki, mdalasini, pilipili manga na asali hulimwa na kuvunwa na watu wa vijiji vinavyouzunguka msitu, na watu hao ndio waliobeba gharama ya kuuhifadhi: kuna waliozuiwa kulima iliki chini ya miti ya asili, shamba likawa hifadhi. Mkipita bila kuacha hata shilingi elfu kumi kijijini, mmetazama urithi wao bure.

Siku ya kurudi tokeni Amani mapema, saa kumi na mbili na nusu asubuhi gari liwe limewashwa, ili Chalinze mfike malori hayajajipanga na Dar muingie kukiwa na mwanga. Chakula kuleni Segera. Na hapohapo mezani, sahani zikiwa zimeondolewa, mtunza fedha asome matumizi yote kuanzia karanga za siku ya kwanza, kilichobaki kigawanywe kwa simu papo hapo, na mwenye deni alipe kabla hamjainuka. Lolote litakaloachwa hadi mjini litalala, na simu ya kulidai haitapokewa.